"Mimi niliunganisha tu": dalali wa kazi za Arabuni na kosa la jinai

*Swali:* Shikamoo wakili. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga, nauza madera Ngamiani. Mwaka jana mama mmoja wa Dar es Salaam aliniomba nimtafutie wasichana wa kwenda kufanya kazi za ndani Maskati, Oman. Nikampatia watano, na kwa kila mmoja alinitumia laki moja kwa simu. Wazazi wa watatu walinipa laki tatu na nusu kila mmoja, ya vipimo na pasi, nami nikazituma zote kwake. Wawili wa kwanza walipitia mpaka wa Horohoro wakapandia ndege Kenya, kwa sababu yule mama alisema uwanja wa Dar wanasumbua. Mwezi wa Ramadhani mmoja wao alinipigia analia: kanyang'anywa pasi, halipwi, analala saa saba usiku anaamka saa kumi, na bosi anasema akitaka kuondoka alipe gharama zote. Nikamwambia avumilie. Baada ya Idi akaondoka wa tatu, binti wa Mkinga. Pasi inasema ana miaka 22, lakini mama yake sasa anasema hajatimiza 18. Wawili bado hawajasafiri, pasi zao ninazo kabatini. Baba wa yule anayelia ameapa kunipeleka polisi Chumbageni. Mimi niliunganisha tu, wakili. Nina kosa? Na nikimrudishia pesa zake, yanaisha?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Umeniandikia bila kuficha mambo yanayokuumiza, nami nitakujibu hivyohivyo.

Nianze na hilo neno lako, kuunganisha. Hapa Tanga tunaunganishana katika kila kitu: nyumba ya kupanga, shamba la Pongwe, mchumba, hata fundi wa kuchimba kisima. Dalali anapata chake na hakuna anayemwita mhalifu. Ndiyo maana unaamini kweli kabisa kwamba hujafanya kitu. Ila sheria haina kitenzi cha kuunganisha. Inauliza maswali ya kiaskari: nani aliwatafuta hawa watu, nani aliwaambia nini, nani alipokea pesa, nani aliwasafirisha, nani alishika hati zao. Nimesoma barua yako mara mbili, na katika maswali hayo matano jina lako linatokea katika yote.

Lakini kutokea si sawa na kuwa na hatia. Kesi yako ina milango mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake.

Wa kwanza ni wa leseni, nao ni mfupi. Tanzania Bara kazi ya kutafutia watu ajira inasimamiwa na Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, Sura ya 243, pamoja na kanuni za mawakala binafsi wa ajira za mwaka 2014. Wakala binafsi lazima asajiliwe, na kwa upande wa serikali ipo ofisi ya huduma za ajira, TaESA. Wewe huna usajili. Kama yule mama wa Dar naye hana, basi wote wawili mmefanya biashara isiyoruhusiwa hata kama wasichana wangefika salama, wakalipwa vizuri na kurudi na masanduku ya zawadi. Kosa la hapa halingoji mtu alie. Kama amekuonyesha leseni, nitumie nakala nione ilitolewa wapi. Nimeshaletewa ofisini nakala za leseni za Unguja zikitumika kukusanya wasichana Muheza na Pangani. Mambo ya kazi si ya Muungano, Zanzibar wana sheria na mamlaka yao, na leseni ya kule haigeuki kuwa ruhusa ya kupita Duga nyumba kwa nyumba.

Mlango wa pili ni wa pesa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa ambalo polisi na mawakili wanalitaja kwa namba, 302: kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Adhabu yake inafika kifungo cha miaka saba. Hapa upande wa mashtaka hauwezi kusimama ukasema tu kwamba pesa zilitoka na safari haikuwa. Biashara hufa, safari huahirishwa, na hayo ni madai ya kawaida. Ni lazima waonyeshe kwamba lilisemwa jambo la uongo, msemaji akijua ni uongo au mwenyewe haliamini, na kwamba uongo huo ndio uliomfanya mzazi afungue pochi. Kwa hiyo nakuuliza, na ujijibu mwenyewe kabla hujanijibu mimi: uliwaambia nini wazazi wale? "Kuna mtu anapeleka" ni kauli moja. "Mimi ni wakala, mkataba umeshatoka, mshahara ni kiasi fulani" ni kauli nyingine kabisa. Kwamba pesa ulizituma zote ni jambo zuri kwako, na miamala ya simu italithibitisha, ila halikuokoi moja kwa moja. Anayedanganya ili mwenzake anufaike, naye amedanganya. Halafu ipo ile laki moja ya kila kichwa. Uliwahi kuwatajia wazazi kwamba unalipwa kwa kila binti? Nadhani hapana. Si kosa peke yake, lakini hakimu akisikia hivyo hataacha kujiuliza ulikuwa upande wa nani.

Mlango wa tatu ndio unaoninyima usingizi kwa niaba yako.

Sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu inamshika mtu anayemwandikisha, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi, kumtoa au kumpokea mwenzake, hata ikiwa inafanyika kwa kisingizio cha ajira ya ndani au nje ya nchi, kwa ajili ya ukahaba, kazi ya kulazimishwa, utumwa au utumwa wa deni. Kuandikisha kupo mwanzoni mwa orodha, na ndiko ulikofanya. Watu wengi wanasikia "usafirishaji haramu" wakafikiria kontena na watu waliofichwa chini ya magunia. Sivyo. Msichana mwenye pasi halali, viza halali na tiketi ya ndege iliyolipiwa anaweza kuwa amesafirishwa kiharamu, kwa sababu kinachotazamwa ni anakwenda kufanywa nini kule. Na yule mwenye kupitishwa njia za panya kwa hiari yake ili akatafute maisha anaweza kuwa amevunja sheria za uhamiaji tu.

Linganisha sasa na anayokueleza binti. Pasi imechukuliwa, mshahara hakuna, saa za kulala tatu, na kuondoka ni mpaka alipe gharama za kuletwa. Hilo la mwisho ndilo utumwa wa deni wenyewe. Katika mfumo wa udhamini wa kule, kafala, mfanyakazi anafungwa kwa kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, hawezi kuhama bila ridhaa, na kafili aliyekwishalipa wakala anaona amenunua. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, na malalamiko yaliyomo ni haya haya: pasi, mshahara, saa za kazi, kipigo. Kwa hiyo hutapata mahakama itakayoshangaa kwamba mambo kama hayo yapo.

Bado kuna neno "kwa ajili ya". Upande wa mashtaka lazima uonyeshe kusudio, na kusudio haliko kwenye picha ya eksirei. Wewe utasema hukujua, na Kanuni ya Adhabu inakupa nafasi: mtu aliyetenda kwa imani ya kweli na ya busara, ingawa imani yenyewe ilikosea, anapimwa kana kwamba mambo yalikuwa kama alivyoamini. Angalia vizuri, ni mambo mawili, ya kweli na ya busara. Kuamini kwa moyo mweupe jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelitilia shaka hakutoshi.

Kwa wale wawili wa kwanza unaweza kusimama hapo, japo kwa mguu mmoja. Mguu wa pili unavutwa na Horohoro. Kupita Horohoro si kosa, watu wa Tanga tunapita pale kwenda kuzika Kwale na kuoza Mombasa. Lakini mpelelezi atakuuliza: anayekwenda Maskati, na ndege zinaruka Dar na Unguja, kwa nini apandishwe basi mpaka nchi ya watu? Jibu umeshaliandika mwenyewe: kwa sababu uwanja wa Dar wanasumbua. Wanasumbua kwa kuuliza mkataba uko wapi na nani anakupokea. Mtu anayekwepa swali huhesabiwa kwamba alijua jibu lake si zuri. Kama maneno hayo yapo kwenye WhatsApp, yataletwa mahakamani, kwa maana tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi.

Na kwa binti wa Mkinga sioni pa kukusimamisha. Wewe ulipigiwa Ramadhani, na yeye aliondoka baada ya Idi. Simu ile ndiyo mpaka wa kesi yako yote. Kabla yake unaweza kusema sikujua. Baada yake ulijua, kwa sauti ya mtu unayemfahamu, akilia. Ukamwambia avumilie, kisha ukampeleka mwingine kwa mama yuleyule. Wazee walisema mvumilivu hula mbivu, lakini hawakuwa wakisema na mtu aliyefungiwa jikoni bila pasi. Kama ungenijia siku ya pili ya ile simu, leo ningekuwa naandika barua nyingine.

Juu ya hilo kuna umri. Binti akiwa chini ya miaka 18, sheria ya 2008 inalipandisha kosa kwenye kundi zito, na ridhaa yake au ya mzazi wake si utetezi. Cheti cha kuzaliwa ndicho kitakachosema, au kadi ya kliniki, au mwalimu wake wa shule ya msingi. Na kama hajatimiza, kuna aliyetaja miaka 22 ili pasi itoke, na kutoa taarifa za uongo kupata pasi ni kosa linalojitegemea. Sikuulizi hapa kama ni wewe. Nitakuuliza tukiwa wawili ofisini, na mlango umefungwa.

Adhabu ilivyo sasa: sheria ilipotungwa, hakimu aliweza kumtoza mtu faini akaenda nyumbani. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliondoa nafasi ya faini badala ya kifungo. Anayekwambia "ni faini tu hiyo" anasoma kitabu cha zamani.

Nitoke nje kidogo, kwa sababu swali lako lina ndugu mbali. Ufilipino ndiyo nchi iliyoshughulika sana na jinai ya kuandikisha watu kazi za ng'ambo, kwa kuwa mamilioni ya raia wake wako nje. Sheria yao ya mwaka 1995, iliyorekebishwa 2010, inasema kuandikisha watu bila leseni ni kosa hata kama hukupata faida. Ukiwafanyia watu watatu au zaidi, inaitwa hujuma ya uchumi, na adhabu ni kifungo cha maisha. Risiti si lazima, ushahidi wa mlalamikaji anayeaminika unatosha. Na unaweza kuhukumiwa kwa kosa hilo na kwa utapeli pamoja, kwa pesa zilezile. Wewe una watano. Ukilalamika kwamba sheria zetu ni kali, mkumbuke dalali mwenzako wa Manila. Nayo sheria yetu ya 2008, ukiiweka kando ya sheria yao ya 2003 ya usafirishaji haramu, maneno ya kifungu kile cha kuandikisha yanafanana karibu neno kwa neno, mpaka lile la "kisingizio cha ajira".

Lakini huko huko, mwaka 2000, Mahakama ya Juu yao ilimwachia huru mfanyakazi wa kampuni ya uwakala aliyekuwa amehukumiwa kifungo cha maisha. Alikuwa akiwahoji waombaji wa kazi za viwandani Korea Kusini. Mahakama ilisema mwajiriwa anaweza kuwa mkosaji pamoja na bosi wake, ila sharti ionekane alishiriki kwa kujua na kwa vitendo. Yule ilionekana alitumwa tu kazi za ofisini, na hakujua kwamba kampuni ilikuwa haijamwandikisha serikalini kama sheria ilivyotaka. Hukumu hiyo haiwafungi mahakimu wa Tanga, lakini hoja yake ni ileile ya kwetu. Kanuni ya Adhabu inamhesabu mkosaji hata anayesaidia, anayewezesha na anayeshawishi, si yule anayetenda kwa mkono wake tu. Tofauti ya aliyetumwa tu na mshirika ni kujua. Ndiyo nikakwambia kesi yako inagawanyika kwa ile simu.

Sasa kuhusu kumrudishia mzazi pesa. Mrudishie. Ni haki yake, na mahakama huangalia nani alirekebisha alichoharibu. Lakini haiishi hapo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu mapatano katika makosa madogo ya mtu na mtu, mfano wamepigana majirani, na haya si hayo. Mlalamikaji katika usafirishaji haramu ni Jamhuri, na baba wa binti ni shahidi. Akisema amesamehe, Mkurugenzi wa Mashtaka bado anaweza kuendelea. Hatari zaidi ni zile karatasi za kienyeji mnazoandikiana kwa mwenyekiti wa mtaa: "sitadai wala kulalamika popote". Nimeona karatasi ya namna hiyo ikisomwa mahakamani kama dalili kwamba mshtakiwa alitaka kumziba mdomo shahidi. Ukirudisha, andika neno moja tu: nimerudisha kiasi hiki, tarehe hii, mashahidi fulani na fulani. Usiombe ahadi yoyote, na usimtume mtu mzima kwenda kumbembeleza baba wa watu.

Polisi usiwakimbie, na usiende peke yako. Ukiitwa utachukuliwa maelezo ya onyo, yaani maneno yako kama mtuhumiwa, nayo ndiyo karatasi inayowafunga watu wengi kuliko shahidi yeyote. Una haki ya kuambiwa unatuhumiwa nini, haki ya kuwa na wakili au ndugu yako, na haki ya kunyamaza. Usifute ujumbe hata mmoja, usibadilishe laini, usimpigie mama wa Dar kumwonya. Kufuta kutakufanya ufanane naye. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akilipa, akipokea na kupanga safari, wapo watakaotaka kusikia unachojua kuliko kukuona wewe kizimbani. Tangu mwaka 2019 sheria yetu inatambua makubaliano ya kukiri kosa, na Mkurugenzi wa Mashtaka ana uwezo wa kumfanya mshiriki kuwa shahidi. Sikuahidi hata moja kati ya hayo, nasema hayafunguki kwa mtu aliyefuta simu yake. Ukikosa ada ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili hiyo, na wasaidizi wa kisheria wapo hapa mjini.

Wa kuokolewa kwanza si wewe. Andika usiku huu yote unayoyajua kuhusu wale watatu: majina kama yalivyo kwenye pasi, namba za simu walizopigia, jina la kafili, mtaa, eneo lililotajwa kwenye sauti walizokutumia, tarehe walizoondoka, basi walilopanda. Nakala moja nipe mimi, nyingine wapewe wazazi waende nayo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na Uhamiaji, ili ifike ubalozi wetu Maskati. Oman nao wana sheria yao dhidi ya usafirishaji haramu, lakini hakuna sheria inayomtoa mtu ndani ya nyumba isiyojulikana iko wapi. Binti akipiga tena, usimwambie avumilie wala usimwambie atoroke. Anayetoroka bila kujua aendako huripotiwa na kafili kuwa ametoroka kazi, akaishia mahabusu. Mpe namba ya ubalozi, umwombe akutumie mahali alipo.

Na zile pasi mbili kabatini. Kushika au kuficha pasi ya mtu katika biashara hii kumetajwa katika sheria ya 2008 kama kosa, na kila siku zinazolala kwako zinaongeza uzito wa barua niliyoisoma. Kesho asubuhi, kabla hujafungua duka, zipeleke kwa wenyewe mkononi, si kwa shangazi wala kwa jirani. Kila msichana aandike kwamba amepokea pasi yake, aweke sahihi, nawe ubaki na nakala. Kisha njoo ofisini na simu yako ikiwa imejaa chaji.